Posa na kamera ya juu ya kabati

Waridi, uko hapo? Nimejiharibia.

Unajua nipo Makongolosi kikazi. Leo nimemaliza kuunganisha vifaa vya nyumbani Mbeya na ile seva ninayokodi, kwa VPN. Nimepima vizuri: bila ufunguo wangu, mtu wa nje haoni wala hasikii kitu.

Nikafungua kamera ya sebuleni kuhakikisha. Nikawakuta wazee wa kina Rayyan wameleta posa! Baba aliniambia wangekuja Jumapili. Na Rayyan namtaka, unajua.

Sitakiwi kuwepo posa yangu ikizungumzwa, sawa. Lakini sikuwepo, nilikuwa Makongolosi 😂

Mshenga akauliza, "Binti anajua kupika?"

Shangazi Mwanaidi, bila kupepesa macho: "Pilau yake majirani wakiisikia harufu wanabisha hodi."

Nikasema, "Shangazi, pilau gani?"

Waridi, kipaza sauti kilikuwa wazi. SAUTI ILITOKA JUU YA KABATI.

Mshenga akashika kofia, akaanza kusoma dua. Baba akatazama juu: "Ruwaida?"

Nikaitika, "Abee." Nimeitika abee, kutoka kabatini!

Nikajua posa imekwisha. Ami yake Rayyan akasogea hadi kwenye kamera.

"Kupika hujui?"

"Sijui, ami."

"Na huu mtambo umefunga mwenyewe?"

"Ndiyo. Ni salama kabisa."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi tuseme ukweli wote. Rayyan ndiye mpishi kwao. Tulikuwa tunaficha."

Wamekubaliana!

Baba ameamuru nizime. Nimezima sauti tu. Sasa namwona shangazi anakuja na khanga kuifunika kamera.