Koti Namba Kumi na Saba

Jumatano, Bwera, upande wa Uganda. Mvua tangu alfajiri, milima haionekani.

Naandika hapa kwenye simu kwa sababu mke wangu yuko Butembo, ng'ambo huko Kongo, na sithubutu kumpigia.

Mimi ni mbeba mizigo mpakani. Ili uruhusiwe kubeba, lazima uvae koti lenye namba. Makoti ni machache, basi tunapokezana. Koti namba kumi na saba limeandikishwa kwa jina la mwenzangu Kambale. Yeye hulivaa asubuhi, mimi mchana. Sote tunafanya hivyo.

Ijumaa mchana nilimbeba mgongoni mama aliyeshindwa kutembea. Mwili wake ulikuwa moto kama jiko. Juzi tukasikia: Ebola.

Dada Biira wa afya ndiye anayefuatilia waliogusana na wagonjwa. Kwenye kompyuta yake kila mtu ni duara, na waliogusana anawaunganisha kwa mstari. Kisha anaiuliza: kutoka kwa mgonjwa huyu, hatua mbili, tunafika kwa nani? Majina yanatoka.

Walioona walisema aliyembeba alivaa kumi na saba. Mstari ukaenda kwa Kambale.

Jana asubuhi polisi wakamchukua kazini, akatengwe.

"Afande, mimi sikubeba mutu! Muchana ile nilikuwa nalala!"

"Nyamaza! Namba ni yako."

Kambale akaniangalia. Hakunitaja.

Nami nikanyamaza.

Jioni niliogopa kula sahani moja na wenzangu wa chumbani. Mama Zaituni, mwenye nyumba, akacheka: "Weye! Chakula yangu unakataa? Umepata bibi mupya?" Kitoto chake kilikuwa kimeshika suruali yangu. Sikulala.

Leo nimekwenda kusema. Nilisimama mlangoni pa ofisi ya dada Biira, mbali naye. Hakufoka. "Kosa ni langu pia, kaka," alisema. "Nilichora koti kama mutu." Koti akalichorea duara lake, akavuta mistari miwili, mmoja kwa Kambale, mmoja kwangu, na juu ya kila mstari akaandika saa. Mstari wa mgonjwa akauhamishia kwangu. Kambale bado yumo orodhani, maana koti lilirudi kwake na jasho langu.

Akaniuliza nakula na nani, nalala na nani. Kisha akaiuliza kompyuta upya.

Majina kumi na moja. Miaka miwili nimekuwa nikijiona sina mtu hapa. La mwisho lilikuwa la kile kitoto.

Sasa niko ndani ya hema la kutengwa. Siku ishirini na moja, kama sitaumwa. Kila nikimeza mate nasikiliza koo. Kambale yuko kitanda cha pili. Nilidhani atanitukana.

"Umekawia, ndugu," amesema. Kisha akainuka kwenye kiwiko: "Na koti? Jana walinivua, nikaacha kwenye musumari. Nani anavaa?"

Makoti ni machache. Halikukaa kwenye msumari hata saa moja.

Naweka simu chini. Namwita dada Biira, kwa sauti yote niliyo nayo.