Joska Akot, Mwalimu Aliyeshika Lubugo

Bado, Rahima. Funika sufuria kwanza, chakula haina miguu. Mkwe wetu anauliza kama apakue, Joska, na watu wamenawa mikono mara mbili sasa. Lakini mimi siwezi kukaa chini nikakula chakula ya siku yako na neno moja imekwama hapa kwa koo. Wacha niseme na wewe kwanza. Anena binti yetu ameshika kalamu, anaandika vile ninasema, ili wale hawakufika wasomewe. Gazetini haiendi. Unajua siku zenyewe.

Leo mwaka imetimia tangu ututoke. Mmoja tu, lakini mimi naona kama kumi. Nimechoka, mama Anena. Asubuhi naamka, natengeneza chai ya watu wawili, halafu nakumbuka. Basi nakunywa yote mbili, kwa sababu sukari ikishaingia huwezi kumwaga.

Watu wanakukumbuka kwa simsim yako, ile ufuta uliyosaga, na kwa ile sauti yako ya kuimba iliyokuwa inaenda peke yake, wimbo nayo iko kwingine. Lakini zaidi ni darasa ya dini. Miaka kumi na nane ulifundisha wanaotaka kubatizwa, hapa kwa kanisa yetu ya Makindye: Waacholi, Waganda, Wakongo, wote kwa hii Kiswahili yetu. Maswali yote ilikuwa kwa kichwa yako. Mimi nikinyoa ndevu unaniuliza, "Ongom, sakramenti ni ngapi?" Nasema sita, nikuchokoze. Unasema, "Wewe mbinguni utaingia kwa kusukumwa."

Ulikuwa mkali. Sitakuosha sasa kwa sababu umekufa. Mwanamke mmoja alipeleka mtoto wake mgonjwa kwa mganga, ukamrudisha mwanzo wa darasa, mwaka nzima. Na kila Jumamosi ulikuwa unapelekea yule mtoto uji. Nikakuuliza, sasa wewe uko upande gani? Ukasema, "Upande ya Mungu, Ongom. Ndiyo shida yenyewe."

Halafu ikaja mambo ya Kasirye. Wengi hapa wanajua, lakini kuna wageni, wacha niende polepole. Kasirye alikuwa jirani yetu, Muganda, kijana wa kanisa, anafanya kazi kwa duka ya kuchapa kule Wandegeya. Vidole yake haikutoka wino hata Jumapili. Ni yeye alikuchapia karatasi za maombi, bure. Siku moja saa sita mchana gari ilisimama mbele ya ile duka, watu wakashuka, wakauliza nani amechapa karatasi fulani, wakamweka ndani. Ni hiyo tu. Hakurudi. Mama yake alikwenda kila mahali mtu anaweza kwenda, na mahali ingine mtu haendi. Mimi nilikuwa polisi miaka ishirini na mbili, nikajaribu kuuliza wenzangu wachache waliobaki. Mmoja akaniambia, "Afande, nenda nyumbani." Nikaenda nyumbani.

Ikapita miezi nane. Yule mama akaacha kula. Si hasira, hapana, chakula ilikuwa haishuki. Alisema, "Mtoto wangu yuko nje. Nitakulaje na mtoto yuko nje?" Akabaki mifupa.

Sasa Waganda wana njia yao. Mtu akipotea na mwili haionekani, wanakata mgomba, urefu ya mtu, wanaifunga kwa lubugo, ile nguo ya magome ya mti, wanazika kama mtu. Basi amelala. Na wewe kwa darasa ulikuwa umefundisha miaka yote: hiyo ni upagani, mgomba haina roho, na anayefanya hivyo akae mbali na komunyo. Padri alisema vile, na wewe uliamini. Uliposikia wanachimba, ulifunga kitambaa ukaniambia, "Vaa viatu. Tunaenda kuwazuia."

Ilikuwa Jumanne saa kumi jioni. Hakuna ngoma, hakuna kilio, watu waliogopa kumlilia mtu ambaye serikali haijasema amekufa. Nyuma ya nyumba, kwa shamba ya ndizi, tulikuta mama Kasirye na Katembo tu, yule Mkongo wa kutengeneza baiskeli. Katembo ndiye alichimba. Wanaume wa ukoo hawakutokea. Mgomba ilikuwa imelala kwa lubugo. Mama alikuwa ameipima na suruali ya Kasirye, isiwe fupi. Juu ameweka shati yake ya kazi, ile ya wino.

Ukasema, "Mama, hii Mungu hapendi. Hii ni mti."

Mama akakuangalia. Akasema, "Kale, haya, mwalimu. Niletee Kasirye, na hii mti nitawapa mbuzi wakule."

Ukakaa chini kwa majani makavu. Ukakaa mpaka Katembo akaanza kujikuna. Halafu ukasimama, ukageuza mgongo kwa ile shimo, ukamshika mama mikono yote mbili, ukaanza maombi ya marehemu ukimwangalia yeye kwa macho.

Katembo akasema, "Mwalimu, marehemu yuko huku."

"Mimi najua naombea nani. Wewe chimba."

"Nimemaliza kuchimba."

"Basi chimba tena."

Mama Kasirye akacheka, Joska. Na machozi, lakini alicheka.

Kama ingeisha pale, hakuna neno. Ulikuwa umepata kanjia kadogo ka kupita katikati. Lakini mgomba mbichi ni nzito kushinda mtu. Katembo alishika upande moja, mimi upande ingine, na mgongo yangu unaijua. Lubugo ikaanza kuniponyoka. Mama akapiga kelele, "Ataanguka! Mtoto wangu ataanguka!" Na wewe ukageuka. Ukashika lubugo kwa mikono mbili, magoti ndani ya udongo, ukasema, "Polepole, Ongom. Polepole. Usimwangushe." Tukamshusha, sisi watatu.

Kuinua kichwa, mzee Khisa amesimama kwa njia. Khisa seremala, mkubwa wa wazee wa kanisa. Alikuwa anakuja kumpa mama pole, na mkononi ana nusu kilo ya sukari. Sukari, siku ile, na maduka yote tupu! Sijui aliipata wapi. Akatuangalia, akaweka sukari kwa jiwe, akaondoka.

Jumapili akasimama mbele ya padri na wazee. Hakusema nyuma ya mgongo, wewe mwenyewe ulikuwa pale. Akasema, "Kuomba sikuona ubaya. Lakini mikono yake ilishika. Na yeye ndiye mwalimu."

Padri akakuuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli, padri. Najua ni kosa. Na yule mama akipiga kelele tena, sijui kama nitakataa."

Padri akavua miwani, akaipangusa muda mrefu. Miezi sita bila komunyo. Darasa ikapewa mtu mwingine.

Mimi nikasema tuhamie kanisa ingine. Ukasema, "Kanisa si soko ya Nakasero, Ongom, ukikosa nyanya hapa unaenda meza ingine." Nikasema, basi Khisa umchukie. "Kwa nini? Amesema vile nilimfundisha mwenyewe." Na ni kweli, Khisa alibatizwa kwa darasa yako, mtu mzima na mvi yake, ukimchapa na maswali kama mtoto. Ukasema, "Na mimi nisipokaa nyuma, wale niliwabana kwa hiyo sheria nitawaambia nini?"

Ukakaa benchi ya mwisho. Watu wanaenda mbele, wewe unabaki na kitabu yako. Ukitoka pale unaenda kwa mama Kasirye, unakaa unamwangalia akila, kwa sababu tangu ile Jumanne alianza kula. Viazi moja kwanza. Halafu mbili.

Ilikuchosha. Kwa karatasi kama hii watu wanaandika marehemu alikuwa na furaha siku zote. Hapana. Siku moja ukimenya viazi uliniambia, "Ningekuwa na moja tu ya kubeba, sheria ama yule mama, ningetembea mwepesi." Nikakuambia uweke moja chini. Ukasema, "Gani?" Nikaenda kuchota maji.

Presha ikakushika imebaki wiki tatu kumaliza ile miezi sita. Hospitali ilikuwa na vitanda, dawa hakuna. Padri akaja mwenyewe na mafuta na komunyo, akasema kwa mtu anayekufa mlango haifungwi, hata hiyo ni sheria. Wewe ukamuuliza, "Na wiki yangu tatu nitamalizia wapi?" Akacheka yule padri, halafu akageukia dirisha.

Sasa nakuja kwa neno ile ya koo. Ulipokufa Khisa alileta sanduku. Ya mvule, amepiga randa mpaka unajiona uso. Mimi nikamwambia, "Rudisha." Mbele ya watu. Nikakuzika kwa mbao ya kununua, misumari inaonekana. Khisa alibeba ile sanduku na mkokoteni akapandisha mlima peke yake. Sikukuambia hiyo, Joska. Mwaka nzima nakuja kwa kaburi yako naongea mambo ya mvua.

Na leo amekuja. Tangu saa tano amesimama kwa geti, kofia mkononi. Nimemtuma kijana wetu Ochan amuulize anataka nini. Ochan amerudi anasema, "Baba, anasema hakuja kuomba msamaha, kwa sababu alisema ukweli. Anasema mwalimu wake alikufa, na hakuna mtu hata mmoja alimpa pole."

Nifanye nini na mtu wa namna hiyo? Angeomba msamaha ningempa, ama ningemnyima, tungemaliza. Nimekaa na hiyo hapa, ndiyo sababu chakula inapoa. Sasa mama Kasirye ameanza. "Ongom! Miguu ya yule si chuma. Mimi nilikunywa sukari yake wiki mbili. Wewe uliniletea nini?" Haya. Watu wanacheka. Wacha niende.

Nimerudi, Joska. Andika, Anena.

Nilimwambia, "Khisa, pole."

Akasema, "Pole na wewe, mzee."

"Ile sanduku ilienda wapi?"

"Nilimzikia mtoto wa dada yangu. Na yeye, wale watu wa gari walimtupa kwa barabara."

"Sikusikia."

"Ulikuwa husemi na mimi."

Nikasema, "Ilikuwa sanduku nzuri."

Akasema, "Nilijua, mzee. Nilipiga randa siku mbili." Na akaanza kulia na ile kofia kwa mdomo, mtu mzima, na mimi nikamshika mkono nikamwingiza.

Anena anauliza kwa majina amweke wapi, maana si ndugu. Weka baada ya Katembo. Wanaokukumbuka ni hawa: mimi bwana yako Ongom, watoto wetu Anena na Ochan, Rahima mke wa Ochan, ambaye anasali msikitini na ulimwachia funguo ya kabati yako, wajukuu wote, mama Kasirye, Katembo, na Khisa, mwanafunzi wako. Tunachoka, mama Anena, lakini kukusahau hatutaweza.

Khisa anatafuta mahali. Mama Kasirye amejisogeza kwa mkeka, anapiga pale karibu na yeye kwa mkono. Khisa amekaa. Katembo amekaa. Rahima anapakua, na mimi nakaa, pole pole, mgongo hii. Anena, wacha kuandika sasa. Chukua sahani.