Nyumba Tulizowajengea Wanaoondoka

Alhamisi, alasiri. Mvua imekatika sasa hivi na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Kibondo kote kumepoa. Nimekaa kwenye baraza ya nyumba yangu ya kupangisha, ambayo tangu asubuhi haina mtu, na ninaogopa.

Wanaonisoma hapa hawajazoea neno hilo. Wamezoea kunikuta nikigombana: na madiwani, na wahubiri wa utajiri, na walimu wenzangu wanaosahihisha daftari wasilolisoma. Leo sina wa kugombana naye ila mimi mwenyewe, na huyo ananishinda.

Asubuhi mpangaji wangu wa mwisho alirudisha funguo. Ni nesi aliyekuja kufanya kazi kambini. Wakimbizi wanarudi kwao Burundi, basi baada ya basi, na shirika lake limepunguza watu. Aliifagia nyumba hata pembeni. "Baba, nimeishi vizuri hapa," akasema. "Mungu atakuletea mwingine." Nikaitikia amina, kama mtu anayeitikia salamu.

Nyumba zangu ni tatu ndogo, ndani ya ukuta mmoja. Choo ndani, dari ya jipsamu, vigae vyeupe, jiko dogo la kutosha mtungi wa gesi. Zote sasa ni tupu. Chumba kitupu chenye vigae kina sauti yake. Ukikohoa, kinakujibu.

Miaka mitatu iliyopita niliandika hapa hapa makala niliyoiita "Jenga, Acha Woga". Nilisema mashirika yapo, wafanyakazi wao wanalala kwenye nyumba za wageni, na sisi wenye viwanja tumekaa tunaota jua. Nilisema jembe limemchosha Muha tangu babu yake, tofali litampumzisha. Sentensi hiyo niliipenda sana. Watu waliituma kwenye makundi ya simu, na baadhi yao wakajenga.

Chini ya makala, msomaji mmoja aliuliza maneno matatu tu: "Je, wakiondoka, Mwalimu?"

Nilimjibu kwa aya tisa. Nilimwita mtabiri wa njaa. Nilimwambia lami inakuja, na lami ikija wapangaji wanakuja. Yeye hakurudi kujibu, nami nikahesabu kuwa nimeshinda.

Lami imekuja, ni nzuri. Wapo wanaofanya kazi hapa wanaorudi kulala Kasulu kwa wake zao. Barabara inayoleta watu ndiyo hiyo hiyo inayowapeleka. Mwalimu mzima wa uraia sikuliona hilo.

Wiki mbili zilizopita, nyumba ya pili ilipobaki tupu, nilijifariji kwamba walimu na wafanyabiashara wa hapa wataziba nafasi. Nikapunguza kodi. Akaja mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, akakagua chumba kwa chumba. Alisifu choo. Kisha akasimama kwenye kale kajiko, akaangalia juu kwenye dari, akanigeukia.

"Sasa Mwalimu, maharage nichemshie wapi?"

"Kuna gesi," nikasema.

"Maharage, kwa gesi?" Akacheka hadi akashika mlango. "Labda unilipe wewe mshahara. Na kuni nikizileta humu, hii dari yako itakuwa nyeusi kabla ya Krismasi."

Nikamwonyesha ua. Hauna banda, hauna hata kona ya mafiga, kwa sababu fundi alipouliza jiko la nje likae wapi nilimwambia wapangaji wangu si watu wa kuni. Yule mama akaniaga kwa heshima zote. Amepanga kwa jirani, nyumba ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji iliyopasuka, na nyuma kuna jiko la kuezekwa nyasi linalotoa moshi tangu alfajiri. Mwenye nyumba hiyo ndiye niliyekuwa namcheka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kasulu kuhakikisha kwamba balaa ni la Kibondo peke yake. Nilianza kuhesabu mageti yaliyoandikwa "Inapangishwa". Nikaacha. Dalali mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wenye nyumba ninao wengi, kaka. Wewe niletee mtu."

Yote hayo ningeyameza. Nina mshahara, nina shamba. Hofu yangu ina jina la mtu.

Nesi alikuwa hajafika hata stendi, akaingia kwetu nyumbani Mama Generoza kutoka Murungu. Wazazi wake walikimbia Burundi akiwa mgongoni. Amekulia kwenye makazi ya wakimbizi, amepewa uraia akiwa na wajukuu, na lile shamba la Murungu ndiyo ardhi ya kwanza katika ukoo wake kuandikwa jina la mmoja wao. Mkononi alikuwa na karatasi mbili. Moja ni makala yangu, mjukuu wake ameichapisha, imekunjwa hadi mikunjo inataka kukatika. Nyingine ni mchoro wa vyumba vinne alioupiga kwa rula.

Anauza shamba ajenge za kupangisha. Mnunuzi anakuja keshokutwa, Jumamosi, kulipima.

"Nimekopia zako," akasema. "Hata jiko la nje sikuweka. Wewe ni mwalimu, chukua kalamu nyekundu usahihishe. Usinionee huruma."

Funguo za nesi zilikuwa mfukoni mwangu. Nilizishika zisilie.

Nikamwambia mchoro ni mzuri.

Naandika tena ili nisijidanganye: nilimwambia mchoro ni mzuri. Akafurahi, akauacha kwangu, akawahi mvua.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele mlangoni, amesikia kila kitu. Hakuinua kichwa. "Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe ulimpa mkataba. Sasa unataka Mama Generoza atoe na jembe lake."



Nimejiuliza tangu saa hiyo ninachoogopa hasa. Si vyumba vitupu. Naogopa ile karatasi iliyokunjwa. Nimewahi kukosea mara nyingi, lakini sijawahi kuona kosa langu likibebwa na mtu kifuani kama cheti cha ubatizo. Naogopa atakaponiangalia na kusema, "Lakini Mwalimu, uliandika."

Kweli niliandika. Kwa hiyo sasa nimeifungua ile makala, nikashuka hadi chini kwa yule msomaji wa maneno matatu, nikamjibu upya: "Wameondoka. Ulikuwa sahihi, nami nilikutukana."

Kisha nimeuweka mchoro wa Mama Generoza gotini. Nimetoa kalamu nyekundu. Vyumba vyake sikuvigusa. Juu, mahali pa kuandika alama, nimeandika: Usiuze shamba.

Mwandiko umepinda, lakini unasomeka. Kesho nitapanda bodaboda ya kwanza kwenda Murungu, kabla woga wangu haujajifunza kubishana.