Ndala za Bibi Ndani ya Pikapu

Jumamosi, Oktoba

Bado nausikia ule mlio wa ndala za Bibi zikibanduka kwenye sakafu ya pikapu. Jumatano nilimrudisha nyumbani kwake Nangara kutoka kliniki ya presha, na joto la injini lilikuwa limezilainisha mpaka zikanata.

"Hili si gari, ni jiko," alisema akishuka. "Mwezi ujao nenda mwenyewe ukapimwe."

Hakuwa akitania. Bibi akisema haendi, haendi, na presha yake ilikuwa juu. Naogopa.

Nikawaza mapazia ya vioo, feni, hata kupaka paa rangi nyeupe. Sikujiuliza kwa nini mwaka jana sakafu haikuwa hivi.

Jana nilimuuliza Mama. Akacheka. "Si nilitoa lile zulia zito la chini ya mpira wa sakafu ya gari, wakati wa masika? Lilinuka tope. Ndama analilalia."

Zulia lenyewe ndilo la kuzuia joto la injini.

Nililifua palepale, likashinda juani leo, nikalirudisha mahali pake. Alasiri, jua likiwa bado kali, nilimpakia Bibi tukaenda Maisaka na kurudi. Alivua ndala, akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu njia nzima. Tulipofika kwake Nangara ndipo akauliza, "Tarehe ya kliniki ni ngapi?"

Mama analalamika kwamba ndama atalala kwenye baridi ya saruji. Hatalala. Nimeshamtandikia blanketi langu la bweni, lile nililoapa halitoki chumbani mwangu.