Laptop ya Kuchorea Nyumba ya Mama Tumaini

Guangzhou, Jumanne, Juni 2009. Mvua ya joto tangu asubuhi. Shati linanata mgongoni hata ukikaa bila kufanya lolote.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kununua laptop. Naandika haya kwenye laptop yangu ile ile kuukuu, kwa hiyo jibu limeshajulikana.

Nilikuja huku kununua vigae na masinki ya kupeleka Mbeya. Biashara ile ilikufa mapema. Kinachonilisha sasa ni stashahada yangu ya ujenzi: wenzangu wanajenga nyumbani, nami nawachorea ramani ili wakienda kuagiza vigae na madirisha wajue vipimo. Laptop yangu kuukuu huchora mistari vizuri tu. Ukiiambia isimamishe nyumba uione pande zote, feni inalia, skrini inaganda, kisha inazima.

Mama Tumaini alitaka nyumba yake isimame.

Ni mama wa Uyole, kwetu Mbeya, ananunua nguo za watoto kule soko la Shahe na kuzisafirisha nyumbani. Viza yake iliisha zamani, na anajua kwamba akitoka hatarudi, kwa hiyo miaka inapita hajakanyaga kwao. Nyumba inajengwa na mdogo wake kwa maelekezo ya simu. Imefika kwenye msingi, ikakwama. Alinikabidhi nusu ya bei ya laptop, mradi aione nyumba yake japo kwenye skrini.

Wiki nzima nimekuwa nikisoma habari za kadi za grafiksi, zile zinazochora picha kwenye skrini. Kompyuta ya mezani ingenifaa zaidi: bei yake ni nafuu, na kadi ikipitwa na wakati unachomoa unaweka nyingine. Lakini tangu msako wa wasio na viza uanze tunahama vyumba kila mwenye nyumba anapoingiwa na hofu, na kompyuta ya mezani si kitu cha kuhama nacho kwa haraka. Basi ikawa laptop. Na kadi ya laptop haibadilishwi. Uliyonunua nayo ndiyo utazeeka nayo.

Nilimsihi asije sokoni. Nilimwambia siku hizi polisi wanakagua pasi hata kwenye ngazi za metro. Akanijibu kwamba Kichina changu ni cha kuombea chakula, nikienda peke yangu nitauziwa sanduku tupu. Alisema kweli, tukaenda wote.

Soko la kompyuta liko Gangding, ghorofa juu ya ghorofa. Muuzaji wetu alikuwa dada mpole mwenye miwani, tukamwita laoban, bosi, kama tunavyowaita wote. Nilikuwa na ramani kwenye flashi. Akatuwashia laptop tatu.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, nzuri kwa kubeba, lakini kadi yake inakopa memori ya kompyuta yenyewe. Nyumba ilizunguka kwa kurukaruka, kuta zikitangulia na paa likifuata nyuma. Ya pili ilikuwa ya wacheza gemu, ina kadi yake yenyewe. Ilikwenda kasi, ila mistari ya mbali ilikuwa ikimetameta na kukatika. Ya tatu ilikuwa nzito kama tofali, na kadi yake imetengenezwa mahususi kwa programu za kuchorea. Humo nyumba ya Mama Tumaini ilizunguka taratibu, kila kona mahali pake.

Alivuta kiti akakaa. Nikampitisha mlango wa mbele, sebuleni, kwenye korido, hadi jikoni. Kisha akauliza kwa nini chumba cha mama yake kiko mbali na choo, wakati yule bibi magoti yanamsumbua. Nikakisogeza pale pale, ukuta kwa ukuta, na mashine haikusita.

Nilikuwa nimeshachagua. Yeye alikuwa ameanza kushusha bei.

Ndipo polisi wakapanda, kwa ngazi zote mbili kwa mpigo.

Weusi wenzetu wachache waliokuwa ghorofa ile walianza kutembea haraka bila kuangalia nyuma. Nilimshika Mama Tumaini mkono ili ainuke. Hakuinuka.

"Nikimbilie wapi, Fundi?" akasema. "Endelea kuzungusha."

Nikaendelea kuzungusha. Nyumba ikaenda upande wa bustani, ikarudi upande wa barabara, na buti zikaja hadi nyuma ya viti vyetu. Waliangalia pasi yangu kwanza. Viza yangu inaisha mwezi ujao. Wakanirudishia. Kisha wakachukua ya kwake, na hiyo hawakuirudisha. Laoban alijaribu kuwaambia kwamba huyu ni mteja wake, akaambiwa akae kimya.

Pasi iliporudi mkononi mwangu, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Nyingi, kama maji ya baridi. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama Tumaini alisimama, akanyoosha kitenge chake, akaniambia kwa sauti ile ile ya kuulizia bei, "Usiinunue. Hela yangu mpelekee dada yetu wa kanisani. Nitahitaji tiketi." Akaenda nao.

Niliwafuata hadi kituoni. Getini niliambiwa mei you, hayupo, wakati niliona kwa macho yangu ameingia. Nilisimama kwenye mvua mpaka mlinzi akanifukuza, nikaenda kwa dada wa kanisani nikamkabidhi hela. Yeye ameshaona wengi wakikamatwa. Alisema watamweka ndani, watamtoza faini, kisha watampandisha ndege.

Kwa hiyo atafika Uyole. Atakuta msingi uliojaa majani, na mama yake bado amepanga chumba kwa watu. Nguo alizonunua bado ziko stoo Shahe, na sijui atazitoa nani.

Wateja wangu wanazidi kupungua. Waliobaki wanafunga milango na hawapokei simu. Hata ningepata mashine yenye kadi bora kuliko zote, ningemchorea nani? Na mwezi ujao nitakuwa wapi mimi mwenyewe?

Dada wa kanisani amenipa mfuko wenye gauni, kanga, sabuni na mswaki. Kesho asubuhi nitarudi nao pale getini. Sidhani kama watanipokelea.