Vipande Nilivyokukatia, Yaya Sefu

Yaya Sefu,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu na mimi nilipiga magoti mbele ya watu. Barua hii nimeibandika kwenye chaneli yetu, ile uliyoitupa kama ganda la muhogo, na atakayetaka kuisoma aisome. Bado nakuita yaya, kama tunavyowaita kaka na dada zetu wakubwa hapa Kasongo. Heshima hiyo sijaiondoa. Nyingine zote nimeziondoa.

Tangu mvua zilizopita uko Kabambare, na najua habari za nyumbani zinakufikia. Mama ni mzima. Nyumba yake bado ina mabati upande mmoja na nyasi upande wa pili, kama mtu aliyekimbia kinyozi katikati ya kazi. Ulipoondoka na pikipiki na kipaza sauti, paa liliishia pale pale ulipoliacha. Mvua ikinyesha mama anahamishia mkeka wake wa kuswalia upande wa mabati, kisha anaswali. Mimi ndiye ninayesema.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa unapeleka magunia ya chumvi Kabambare, nikapanda nyuma kwenda kumsalimia shangazi. Pikipiki ilizama kwenye dimbwi mpaka ikabaki usukani tu, na wewe ukasimama katikati ya matope ukaanza kuwahutubia wakubwa wote wanaopita juu yetu kwa ndege. Nikatoa simu. Siku ile ulitukana, yaya. Uliitukana barabara, ukaitukana mvua, ukamtukana hata mwenye chumvi, naye ni mjomba wa mama. Tulipofika kwa shangazi niliketi na simu nikayakata matusi yote, nikaacha hotuba. Watu wa kwetu walioko mbali waliiona wakacheka, na wengine wakalia. Mmoja aliandika kutoka Ulaya kwamba matope yale anayajua kwa harufu.

Basi tukaiita chaneli Matope ya Kwetu. Wewe ulikuwa uso, mimi nilikuwa mkono. Salamu ya kufungulia niliitunga mimi nikiosha masufuria: "Watu wa kwetu, muko?" Mtu anatuandikia jina la kijiji chake, tunapanda pikipiki, tunamwonyesha nyumba ya baba yake, kaburi la dada yake, shule aliyochapwa. Kisha matangazo yakaanza kuingia kwenye video zetu, ya sabuni, ya magari, ya vitu ambavyo hatutavinunua mpaka kufa, na kila mwezi kikafika chochote. Haukuwa utajiri. Ilikuwa mafuta ya pikipiki, mega za intaneti, na mabati ya mama, mawili leo, matatu mwezi ujao. Lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa naishi kwa kazi ya mikono yangu, bila kumngojea mtu anipe.

Wenye mtandao walipotaka jina na kitambulisho cha mwenye chaneli, hukuwa na subira ya kujaza fomu. "Weka lako," ulisema. "Mimi niko na uso, inatosha." Nikaweka langu. Nililiona kuwa jambo la fahari, mjinga mimi.

Kila mtu anakuita Sefu wa Madaraja. Nani aliyekupa jina hilo? Nilikupa mimi, kwa kukata. Lile daraja la magogo mawili njia ya Wamaza hukulivuka kwa miguu. Ulilivuka kwa magoti na viganja, macho umeyafumba, ukimwita mama. Pikipiki ilivushwa na wanaume wawili waliokuwa wanatoka shamba, wakicheka mpaka wakaikalisha chini. Ulipofika ng'ambo ulijipangusa, ukageuka, ukatembea hatua nne kwenye magogo huku unatabasamu, ukaniambia nichukue hizo. Nikachukua hizo. Dunia nzima iliona hatua nne. Jina la chifu ulilolikosea mara tatu mbele yake mwenyewe, nililikata. Siku uliyomkimbia bata wa watu, nilikukatia pia.

Lakini sikufuta, yaya. Hukuwahi kuniuliza vipande vinaenda wapi. Vyote viko kwenye kadi ya simu, kimoja kimoja, na kila kimoja nimekiandikia jina.

Kuna kitu sikutaka kukiweka humu, kimekuja chenyewe. Nilipokuwa mdogo na homa imenishika, ulinikalisha nyuma ya baiskeli ya baba, ukaisukuma kwa mguu mpaka zahanati, mlima wote ule. Uliogopa nisije nikalala, ukaniambia nikuhesabie michikichi. Nikihesabu vibaya unanirudisha kwenye moja, makusudi, ili nikasirike nisifumbe macho. Nilikupenda kwa hilo. Nakupenda kwa hilo hata sasa, na ndiyo maana hasira yangu haipoi. Ungekuwa mtu baki ningekuwa nimeshasahau.

Sasa tuje Wamaza, siku ya yule mama mzee.

Mjukuu wake alituandikia kutoka mbali kwamba hajaona sura ya bibi yake miaka mingi. Tukamkuta anapepeta mpunga. Alikushika uso kwa mikono miwili akidhani wewe ndiwe mjukuu, na hukumkatalia, na hilo lilikuwa zuri. Kijiji kizima kikaja. Wakauliza watatusaidiaje sisi watoto wa Kasongo tuliokuja na matope mpaka shingoni. Ndipo ukafungua mdomo wako. Ukawaambia kwamba tangazo likitokea kwenye video, mtu akiligusa kwa kidole, ndipo linatupatia mafuta.

Njiani nilikuwa nimekuonya. Nilikuwa nimesoma masharti ya wenye mtandao kwa Kifaransa, nusu nikielewa, nusu nikikisia, na nilijua hawataki mtu aombe watu waguse matangazo. "Wewe kata video," ulinijibu. "Mambo ya watu uniachie." Nikakuachia.

Wenyeji wa Wamaza ni watu wa kusaidiana. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, siku ya kufyeka njia na kuzibua mifereji kwa pamoja. Kapita, msimamizi wa kazi za kijiji, akaona huu nao ni mzigo wa kubebwa na wote. Akatangaza kwamba majembe yapumzike, twende kilimani kwenye mtandao. Tukapanda. Simu zenye kuonyesha video zilikuwa saba kijiji kizima, na watu walipanga foleni kama wanachota maji. Kila mmoja anagusa tangazo, anampisha mwenzake, anarudi nyuma ya foleni, anagusa tena. Wewe ulisimama juu ya kichuguu na kipaza sauti: "Kila mutu kidole yake! Hii njo salongo yetu ya leo!" Mega ulinunua wewe. Walifanya kazi ile tangu asubuhi mpaka jua la utosi, kwa moyo safi, na walipomaliza wakatupa kuku na boga.

Simu saba, vidole vya kijiji kizima, video zile zile. Mashine za wenye mtandao hazijui salongo. Ziliona wizi.

Ujumbe ulifika siku chache baadaye, nikiwa nachagua mchele. Matangazo yameondolewa kwenye chaneli nzima kwa sababu ya miguso isiyo halali. Tuliruhusiwa kujieleza mara moja. Nikajieleza. Unajua nilichoandika? Niliandika kwamba hatujui ni nani aliyefanya. Nilidanganya kwa jina langu ili jina lako lisitokee, wakakataa.

Nilidhani utasema. Nilikungoja useme. Mama alipouliza mbona mabati hayaji, ulitazama chini. Wajomba na baba wadogo walipokusanyika kwa baba mkubwa, nilikaa nyuma na mama nikisema moyoni, sasa atasema. Baba mkubwa akauliza, "Barua ilikuya kwa jina ya nani?"

Ukajibu, "Ya Zaina."

"Basi."

Kesi ilikwisha hapo. Mdogo hamjibu mkubwa wake mbele ya wazee, wewe unalijua hilo kuliko mimi, na ulijificha ndani yake kama mtu anayejikinga mvua. Wakasema tamaa yangu imevunja riziki ya kaka yangu. Mama akaninong'oneza, "Omba radhi tu, mwanangu, yaishe." Nikanunua kuku mweupe kama desturi inavyotaka. Nikapiga magoti, majirani wote wamejaa uani, nikakuinulia kuku kwa mikono miwili, nikaomba radhi kwa kosa lako. Ukampokea. Ukaniwekea mkono kichwani ukasema, "Nimesamehe." Kisha kuku akapikwa, ukala paja.

Paja hilo, yaya, ndilo sijalimeza mpaka leo.

Tangu ulipoondoka najitafutia. Nina meza sokoni, mwavuli na kompyuta ya zamani. Napiga picha za vitambulisho, nawawekea watu nyimbo na filamu kwenye kadi za simu zao. Si kazi ya kudharau. Siku nyingine inatosha chakula, siku nyingine inatosha chumvi ya chakula. Nimezoea kuulizwa "Wewe njo uliharibu chaneli ya Sefu?" nikajibu "Picha ngapi, baba?"

Mwezi huu alikuja muuza mafuta ya mawese mmoja, mtu mpole, akanipa kadi yake. "Dada, uniwekee ile video mupya ya Sefu wa Madaraja, ya kule Kabambare." Sikujua una chaneli mpya. Nikaifungua ili niihamishe. Ukatokea umevaa miwani, ukasema, "Watu wa kwetu, muko?" Salamu yangu. Ya masufuria yangu. Halafu ukawaeleza watazamaji kwa nini umeanza upya: "Iko mutu wa familia yangu aliniharibia. Nilimusamehe." Tangazo la sabuni likakukatiza hapo hapo.

Nilimwekea video yake. Nilipokea pesa yake na nikamshukuru, maana yeye hakunikosea. Kisha nikafunga mwavuli kabla ya adhuhuri, nikaenda nyumbani nikatoa ile kadi ya vipande.

Nimefanya kazi niliyokufanyia miaka yote, ila kinyumenyume. Kila nilichokata nimekirudisha. Daraja lote, kutoka gogo la kwanza, na mama anavyoitwa. Chifu na majina yake matatu. Bata. Halafu kilima cha Wamaza, tangu mnapanda mpaka mnashuka. Sura za wenyeji nimezifunika, kwa sababu wao walitupa boga. Yako sijaifunika.

Nilipokuwa naiangalia hiyo ya kilimani nilisikia kitu nilichokuwa nimekisahau. Yule mama mzee anapewa simu, hajui aguse wapi, na nyuma ya simu kuna sauti ya msichana inamwita bibi huku inacheka: "Koko, gusa tena! Gusa tena!" Ni mimi. Kukuonya kwangu njiani hakumo popote, simu ilikuwa mfukoni. Kucheka kwangu ndiko kulikorekodiwa.

Niliketi na jambo hilo siku nzima. Kukata sekunde zile ni kazi ya dakika moja, na hakuna ambaye angejua. Nikamwonyesha mama. Akatazama mpaka mwisho, daraja, bata, kilima, akasikia unavyomwita kwenye magogo, akafuta machozi, na sijui yalikuwa ya kicheko au ya nini. Akauliza, "Na sauti yako utaiacha?"

"Nitaiacha."

"Basi na yeye umuache vile iko."

Nimeziacha zote mbili. Kosa langu nalibeba kwa jina langu, nimeshalizoea jina hilo kubeba vitu. La kwako nakurudishia. Na usiseme nimefanya hivi kutafuta faida, kwa sababu matangazo yetu yaliondolewa, unakumbuka? Hakuna sabuni itakayotokea kukuokoa pale unapotambaa. Watakuangalia moja kwa moja, tangu gogo la kwanza mpaka kichuguu, bila kukatizwa na mtu. Ilichukua siku mbili kuipandisha video hiyo kwenye chaneli kwa mtandao wetu huu, ikaisha leo mama alipokuwa anatoka kuswali. Wazee kwa baba mkubwa wanayo kwenye kadi. Yule muuza mawese nimempa bure.

Sikuombei mabaya. Njia ni mbovu, uendeshe polepole. Nyumba ni ya mama na mlango haujafungwa. Ila siku utakayokuja, pitia sokoni kwanza, ununue kuku. Awe mweupe. Utanikuta uani, upande wa nyasi, na simu nimeishika, na safari hii pia sitakata kitu.

Mdogo wako,
yule wa nyuma ya simu