Mgeni wa Pande Mbili

Kubi Adhi, 2 Aprili

Kaka Jattani,

Salamu. Ng'ombe hawajambo? Goti la Mama linaendeleaje? Sisi tu wazima, ila vumbi.

Nampa barua dereva wa lori la mifugo kwa sababu kwa simu unanikatia. Nagombea uwakilishi wadi. Zahanati haina muuguzi, Kaka. Mwezi jana tumemzika jirani yangu na mtoto tumboni. Nimechoka kuzika.

Nilikwenda kwa wazee wa mume wangu, wa ukoo wa Gona. Wakaninywesha chai, wakaniambia wewe binti wa Sabbo, kaombe kwenu. Haya, nimekuja kwetu. Wewe unakaa barazani na wazee wa Sabbo. Nisemee.

Dada yako, Qabale

Malka Dima, 19 Mei

Mdogo wangu Qabale,

Hatujambo. Goti la Mama linauma asubuhi, mchana anatembea. Ng'ombe wamekonda lakini wanasimama.

Nimechelewa, wazee walikaa sana. Wamesema binti aliyeolewa ni mgeni kwao, ukipewa kiti kitahamia kwa wakwe. Nilikusemea, Mungu shahidi. Kisha wakatafuta mtu, na waliyempata ni mimi. Sikuomba, lakini neno la wazee halikataliwi. Jiondoe basi, tusichekwe.

Kaka yako, Jattani

Kubi Adhi, 2 Juni

Kaka,

Mwili mzima, moyo mbaya.

Ulinisemea, halafu ukakalia kiti nilichokuombea. Hongera. Wa Gona nao wana mtu wao. Huku mgeni, kule mgeni. Sasa kwetu ni wapi?

Sijiondoi. Nasimama kama mgombea huru. Mume wangu Halakhe amenuna siku tatu, kisha akachinja mbuzi, akasema kama ni kuchekwa, mimi na yeye tuchekwe tumeshiba.

Dada yako, Qabale

Malka Dima, 20 Julai

Qabale,

Leo salamu ni fupi. Wazee wamenituma. Usipojiondoa, ng'ombe wa mumeo hawatanyweshwa kisimani kwetu, na mimi sitakutemea tena mate ya baraka. Nakuomba, mdogo wangu. Ukiugua, nani atakuja?

Na wanawake umewaambia nini? Wake zangu, Tume na Loko, wananyamaza nikiingia.

Kaka yako bado, Jattani

Malka Dima, 16 Agosti

Mheshimiwa Qabale,

Jibu sikupata, matokeo nimeyapata. Umenishinda kwa kura kumi na moja. Katika kituo cha hapa nyumbani, ambako hata mbwa ni wa ukoo wetu, nimepigiwa na nusu tu ya watu. Kura zimeibwa. Nakwenda mahakamani. Wakili anataka mashahidi, nami ninao ndani ya nyumba yangu: Mama na wake zangu wataapa kwamba walinipigia mimi.

Jattani

Kubi Adhi, 24 Agosti

Kaka,

Salamu. Goti la Mama?

Sikujibu kwa sababu nililia. Ng'ombe wetu watatu wamekufa kwa kiu. Halakhe hajaninyooshea kidole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wanawake niliwaambia neno la wazee, kwamba aliyeolewa ni mgeni, basi. Sisi tunaoana kwa kuvuka: kila mke wa Sabbo katoka Gona, kila mke wa Gona katoka Sabbo. Nikauliza, nani mwingine hapa ni mgeni? Hakuna aliyecheka.

Kabla hujaenda mahakamani, muulize Mama.

Dada yako, Qabale

Malka Dima, 9 Septemba

Mdogo wangu Qabale,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Halakhe. Nawapa pole ya ng'ombe, na naona haya kuiandika.

Nilimuuliza Mama akiwa anakamua. Hakuacha kukamua. Akasema, "Nimezeeka katika boma hili, nimekuzaa humu, na juzi nasikia mimi ni mgeni. Mgeni haapi katika kesi ya wenyeji, mwanangu." Nikamgeukia Tume, akaniongezea chai. Loko hata hiyo chai hakuniongezea.

Wakili nimemwambia sina mashahidi. Wazee hawanisemeshi tena, hivyo hata mimi sasa najua ugeni ukoje.

Mwambie Halakhe alete ng'ombe siku ya zamu yangu kisimani, nitawachotea mwenyewe, atakayetaka kunizuia anizuie. Nawe njoo. Mama amekaanga buni za baraka kwa samli, anasema baraka hutoka kwa mkubwa, na mkubwa ni mimi. Nitakutemea mate mbele yao wote.

Huyo muuguzi akipatikana, apitie huku kwanza. Goti la Mama siku hizi linauma hata mchana.

Kaka yako, Jattani